Kaskazini ya Meza ya Sita

Tulimwita Mama Fyuzi, na jina hilo lilitokana na makosa yetu wenyewe. Kila mwaka wanafunzi wapya waliingia maabara ya fizikia wakiwa wameshaambiwa, tena kwa herufi kubwa ubaoni, kwamba ammita huungwa ndani ya njia ya umeme, haibandikwi moja kwa moja kwenye betri. Na kila mwaka, kabla nusu saa haijaisha, mmoja angeibandika kwenye betri. Sindano ingeruka kama panzi, halafu kimya. Fyuzi imekwenda. Hapo ungemsikia mama yule akivuta droo na kutoa bisibisi ndogo mfukoni, huku akinung'unika, "Haya, nani tena ameniulia mgonjwa?"

Alikuwa na miaka arobaini na ushee, mfupi, miwani yake ikiwa imefungwa uzi nyuma ya shingo. Koti lake jeupe lilikuwa limepunguzwa mikono na mumewe, fundi cherehani, ili lisiguse asidi ya betri. Kwenye karatasi za chuo aliitwa msaidizi wa maabara, lakini maabara ilikuwa yake. Alijua voltimita ipi inadanganya na inadanganya kwa kiasi gani, lenzi ipi ina mkwaruzo, waya upi umekatika ndani kwa ndani ingawa nje unang'aa. Elimu yake ilikuwa cheti cha ufundi cha miaka miwili, na pale chuoni mtu wa cheti akisema jambo, lilisubiri mpaka mtu wa shahada alirudie ndipo lisikike.

Haya ninayoyasimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe miaka mingi baadaye. Sehemu yangu mimi nitaisema ikifika.

Mwaka tulioanza sisi, maabara ilikuwa imehamishwa. Jengo la zamani lilikuwa linavuja, kwa hiyo wakati wa likizo vifaa vilipelekwa kwenye ukumbi mrefu uliowahi kuwa karakana ya magari ya chuo. Ukapakwa rangi, ukamwagiwa sakafu mpya ya saruji, zikaingizwa meza kumi za mbao, tano kila upande. Meza zikafungwa sakafuni kabisa, kwa sababu nyaya za umeme zilipandia kwenye miguu yake. Ukumbi ukawa unapendeza, mtu akiingia anasema hapa sasa ni chuo.

Wiki moja kabla ya masomo, Mama Fyuzi alikuwa akiandaa zoezi la usumaku. Zoezi lenyewe si gumu. Unaweka dira katikati ya koili ya waya iliyosimama wima, unaacha sindano itulie kaskazini, kisha unapitisha umeme kwenye koili. Sindano inavutwa pembeni. Kwa kuangalia imegeuka nyuzi ngapi, unakokotoa nguvu ya usumaku wa dunia mahali ulipo. Kwetu jibu lilikuwa linajulikana miaka yote: thelathini na tatu, kwa kipimo tulichokitumia.

Alipanga dira kumi kwenye meza kumi, akarudi nyuma hadi mlangoni kuzitazama. Meza ya kwanza hadi ya nne, sindano zote zilielekea mlango. Ya tano ilikuwa imepinda kidogo. Ya sita ilikuwa inatazama ubao wa matangazo, bila haya yoyote. Ya saba nayo imepinda kidogo kama ya tano. Ya nane hadi ya kumi zikarudi mlangoni. Akabadilisha dira ya meza ya sita. Mpya nayo ikageukia ubao wa matangazo. Akaleta ya tatu, mambo yale yale. Ile ya kwanza alipoipeleka meza ya pili, ikaelekea mlango kama mtoto mwenye adabu.

"Si dira," alijisemea. "Ni mahali."

Akamwendea mhadhiri wetu. Huyu alikuwa mgeni chuoni, kijana wa miaka thelathini na tano, ametoka masomoni na shahada yake ya udaktari ikiwa bado ya moto. Alipenda tumwite Daktari, nasi tukamwita hivyo.

"Daktari, meza ya sita ina walakini. Dira haisomi kaskazini pale."

"Badilisha dira."

"Nimebadilisha mara mbili."

"Basi badilisha ya tatu." Akacheka kidogo, kisha akaona mama hacheki. "Sikia, Mama, andika. Maneno ya mdomo hupotea."

Akaenda stoo kuchukua fomu ya hitilafu. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu vya kuweka alama: kimevunjika, kimeungua, kimepotea. Karani wa stoo alimwuliza bila kuinua macho, "Kitu gani?"

"Meza."

"Imevunjika?"

"Haijavunjika."

"Imeungua?"

"Meza iungue kwa nini? Iko vizuri, ila imekaa mahali pabaya."

"Imepotea?"

"Ipo pale pale!"

"Basi, dada yangu, haina hitilafu." Karani akairudisha fomu kwenye rundo.

Mama Fyuzi akaandika barua kwa mkono wake, ukurasa mmoja, akaipitisha chini ya mlango wa Daktari. Wiki ikapita. Akaandika ya pili, akampa mkononi. Daktari akaitia katikati ya kitabu na kusema asante. Alipoona hali ndiyo hiyo, mama akaamua kutumia akili yake: siku ya zoezi la usumaku, meza ya sita akaiwekea lenzi na mshumaa, kwamba atakayekaa pale afanye zoezi la mwanga. Mwanga haujali kaskazini iko wapi.

Daktari aliingia, akasimama. "Nani ameweka lenzi hapa?"

"Mimi, Daktari. Nilikueleza kwamba pale..."

"Zoezi ni moja, siku moja, meza zote. Nisipofanya hivyo nitalinganishaje alama?"

"Lakini Daktari, hesabu itatoka..."

"Mama."

Alilisema neno hilo kwa namna ya kumaliza mazungumzo. Mama Fyuzi akaiondoa lenzi, akaurudisha mshumaa sandukuni. Alifunga kifuniko kwa kishindo, nami nilidhani ni bahati mbaya. Siku hizi najua ilikuwa hasira.

Nyumbani mumewe alimkuta akikoroga chai isiyo na sukari, kijiko kinagonga kikombe kama kengele. Mzee wa watu alikuwa na pini mdomoni na suruali ya mteja begani.

"Leo nani kaunguza?" akauliza kupitia pini.

"Afadhali wangeunguza. Kilichoungua ningekitengeneza. Huyu mtu ana masikio mawili, yote mapambo."

"Umemwambia kwa mdomo?"

"Nimemwambia."

"Kwa karatasi?"

"Mara mbili."

Mzee akatoa pini. "Basi umebaki kumwimbia," akasema. Mama hakucheka, ila aliniambia baadaye kwamba nusura acheke.

Na sisi wanafunzi? Sisi tulijifunza haraka somo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Aliyekaa meza ya sita alipata hamsini na nane. Aliyekaa ya tano au ya saba alipata arobaini na moja. Wote tulijua jibu linalotakiwa ni thelathini na tatu, kwa hiyo tulianzia mwishoni: unachukua thelathini na tatu, unarudi nyuma kwa hesabu, unajua sindano ilipaswa kugeuka nyuzi arobaini na tano, unaandika arobaini na tano. Halafu unaongeza nusu hapa na kupunguza nusu pale, ili isionekane safi mno. Mchezo huo tuliuita kupika. Tukawa wapishi hodari.

Mmoja tu hakupika. Tulimpa jina la Rula, kwa sababu alipigia mstari kila kichwa cha habari kwa rula, na kwa sababu hakujua kusema jambo kwa kuzunguka. Alikuwa binti wa mkunga, mrefu, mwenye sauti ndogo. Alitaka kusomea uhandisi wa umeme, na darasa la uhandisi lilichukua tu wale waliopata zaidi ya nusu ya alama kwenye mtihani wa vitendo. Kwenye mazoezi ya mwaka mzima hakuwahi kukaa meza ya sita, wala sisi wapishi hatukumwambia siri yetu.

Siku ya mtihani tulivuta karatasi za namba kutoka kwenye boksi. Mimi nikavuta tano. Rula akavuta sita.

Nilimwona akipima. Alipima mara moja, akakokotoa, akakunja uso. Akafungua nyaya zote, akaziunga upya, akapima tena. Akaisogeza simu iliyokuwa mezani pa Daktari mbali zaidi, kwa ruhusa, akapima mara ya tatu. Kila mara sindano iligeuka chini kidogo ya nyuzi thelathini. Akanyoosha mkono.

"Naomba msaada. Nadhani dira yangu ina tatizo."

Mama Fyuzi, aliyekuwa amesimama ukutani na fyuzi zake mfukoni, akapiga hatua mbili.

"Hakuna kuzungumza na mtahiniwa," Daktari akasema.

"Daktari, ni ile meza..."

"Mama, kama fyuzi haijaungua, kazi yako hapa bado."

Wengine walicheka. Mama akarudi ukutani. Alibaki pale, mikono ameifumbata, mpaka kengele ikalia.

Mimi sindano yangu iligeuka nyuzi thelathini na tisa. Niliandika arobaini na tano.

Matokeo yalipobandikwa, mimi nilikuwa na thelathini na sita kati ya arobaini, na maneno "Kazi safi" kwa wino mwekundu. Rula alikuwa na kumi na moja. Kwenye karatasi yake alikuwa ameandika namba zake tatu kama zilivyotoka, akapigia mstari jibu la hamsini na nane, na chini yake akaongeza: "Najua jibu si hili. Nimerudia mara tatu. Sijui sababu." Pembeni Daktari alikuwa ameandika, "Uzembe katika vipimo."

Rula alikwenda maabara na karatasi ile. Hakulia. "Mama, uzembe wangu uko wapi? Nionyeshe, nisirudie."

"Huna uzembe, mwanangu."

"Sasa mbona..."

"Nenda kakate rufaa. Leo hii, usingoje kesho."

Rufaa ilikuwa na siku kumi na nne, na fomu yake ilitaka saini ya mhadhiri wa somo. Daktari alikuwa ameondoka jana yake kwenda semina ya wiki mbili. Rula alizunguka ofisi tatu. Kila ofisi ilimwambia fomu iko sawa, imebaki saini tu.

Jioni hiyo mumewe Mama Fyuzi hakutania. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mteja wangu akibisha kwamba suruali imepinda, sibishani naye. Naitandaza mezani, nachora chaki kwenye mshono, aone mwenyewe. Huyo mtu wako umemwambia mno. Mchoree."

Kesho yake saa za mchana, madarasa yakiwa yameisha, Mama Fyuzi alipiga magoti kwenye sakafu ya maabara na dira moja na boksi la chaki. Aliweka dira, akaacha sindano itulie, akachora mshale mdogo chini yake kuelekea ilikotazama. Akasogea shubiri moja, akachora mwingine. Magoti yake hayakuwa ya kazi hiyo. Kila baada ya safu moja alikaa chini kupumzika. Ilimchukua siku nne kumaliza ukumbi mzima. Siku ya tano alifika asubuhi akakuta sakafu inameremeta. Dada wa usafi alikuwa ameideki kwa sabuni.

"Watoto wamechorachora ovyo," dada akamwambia kwa huruma. "Nimesugua mpaka mkono unauma."

Mama Fyuzi alikaa kwenye kiti, akavua miwani, akacheka kicheko ambacho dada wa usafi alisema kilimtisha. Kisha akaenda kununua chaki nyingine. Safari hii alinakili kila safu kwenye karatasi kubwa za ruwaza, zile za kukatia nguo, alizoomba kwa mumewe, na mlangoni akabandika tangazo: USIDEKI.

Daktari alirudi siku ya kumi na tano. Alifungua mlango, akasimama kizingitini na mkoba wake. Upande wa mlango mishale yote ilikwenda sambamba, kama nyasi zilizolazwa na upepo mmoja. Lakini ilipokaribia meza ya tano ilianza kupinda, na kuzunguka meza ya sita ilijikunja kama nywele za kisogoni. Mahali palipochafuka paliunda mstari mrefu ulionyooka, ukipita chini ya ile meza na kuelekea ukutani.

Alitoa dira yake mwenyewe mkobani. Akaiweka juu ya mshale mmoja, wa pili, wa kumi. Alitembea ameinama karibu nusu saa, suruali yake nzuri ikapata chaki magotini.

"Kuna chuma chini," akasema.

"Ndiyo, Daktari."

"Chuma kirefu."

"Ndiyo, Daktari. Ilikuwa karakana hii. Nimemwuliza mlinzi wa zamani. Anasema palikuwa na mhimili wa kunyanyulia injini, mafundi wakashindwa kuutoa, wakaumwagia saruji."

Daktari akapangusa chaki magotini. "Kwa nini hukuniambia?"

Mama Fyuzi alijibu jambo moja tu: "Barua zangu ziko katikati ya kitabu chako."

Nimpe Daktari haki yake: hakukana. Alikwenda siku hiyo hiyo kwa mkuu wa idara, akasema amekosea, alama za binti zirekebishwe. Mkuu wa idara alikuwa mzee mpole aliyeogopa kesi kuliko nyoka. Muda wa rufaa umepita jana, akasema, ila kwa uzito wa jambo atasikiliza. Akatuita ofisini kwake: Rula, Daktari, Mama Fyuzi na karatasi zake za mishale, na sisi wawili tuliokaa meza ya tano na ya saba.

"Kama chuma kinaharibu meza ya sita," mkuu akasema, "majirani nao wangeharibikiwa. Lakini naona wote wawili walipata thelathini na tatu barabara." Akanigeukia. "Wewe, sindano yako iligeuka nyuzi ngapi?"

Nilimtazama Rula. Alikuwa ananiangalia bila wasiwasi, kama mtu anayejua atasikia ukweli. Mama Fyuzi naye alinitazama, juu ya miwani.

"Arobaini na tano, mzee," nikasema.

"Uliona kwa macho yako?"

"Ndiyo."

Wa meza ya saba akasema kama mimi.

"Mzee," Mama Fyuzi akaingilia, sauti ikiwa imepanda, "maabara iko hatua hamsini kutoka hapa. Twendeni tukapime meza ya tano sasa hivi. Dakika kumi tu!"

"Mama, kupima leo hakutatueleza kulikuwaje siku ya mtihani."

"Chuma kimemwagiwa saruji, mzee! Kitakuwa kimetoka kutembea?"

"Tuheshimiane," mkuu akasema, akafunga faili.

Uamuzi ulikuwa kwamba alama zibaki, na binti aruhusiwe kurudia mtihani mwakani. Alirudia, meza ya pili, akapata thelathini na tatu nukta nne, alama thelathini na nane kati ya arobaini. Lakini darasa la uhandisi lilikuwa limeshajaa, na mwaka uliofuata masharti yalibadilika. Akasomea ualimu wa hesabu. Mimi niliingia uhandisi.

Daktari alitengeneza mchoro mzuri wa ile mishale, ukachapwa kwenye kitabu cha mazoezi cha wanafunzi, wafundishwe jinsi chuma kinavyopindisha usumaku. Chini yake kuna mstari wa shukrani kwa "wafanyakazi wa maabara". Mama Fyuzi aliniambia aliusoma mara tatu, akitafuta kama kuna jina la mtu.

Tulikutana tena baada ya miaka kumi na mmoja, nilipokwenda kuchukua nakala ya cheti changu. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja kustaafu. Alikuwa juu ya kiti, akihesabu prizimu kabatini, na akanijua kabla sijasema.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Meza ya tano."

Nikamwambia ukweli wa siku ile ofisini. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, yakatoka hovyo. Alinisikiliza huku anapangusa prizimu moja kwa pindo la koti.

"Meza ya tano hutoa arobaini na moja," akasema. "Haijawahi kutoa thelathini na tatu tangu iwekwe pale. Nilijua siku ile ile, mwanangu. Nilikuwa nangoja useme."

"Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja kwa cheti gani?"

Nikaanza kumwomba radhi. Akanyanyua mkono. "Mimi usiniombe. Mimi nilipoteza chaki na magoti." Akashuka kwenye kiti taratibu, akachana kipande cha karatasi, akaniandikia namba ya simu. Walikuwa wanapigiana kila mwaka, yeye na Rula.

Nilipiga siku ya tatu, saa nne asubuhi, nimesimama nje ya ofisi yangu. Sauti yake ilikuwa ile ile ndogo. Nyuma yake nilisikia watoto darasani wakisoma kwa pamoja jedwali la kuzidisha la saba. Nilijitaja, nikasema yote kwa pumzi moja: nyuzi thelathini na tisa, arobaini na tano, ofisi ya mkuu.

Hakunikatiza. Nilipomaliza, nikasikia akifunga mlango, sauti za watoto zikapungua.

"Nilidhani ni mimi," akasema mwishowe. "Hata Mama alivyonionyesha mishale, ulivyosema vile mbele ya mkuu nikaanza kujiuliza. Miaka yote nilidhani huenda kweli sikupima vizuri."

"Ulipima vizuri."

"Sawa," akasema. Halafu, "Nina kipindi." Na akakata.